Unga wa Karela wa Daktari Rasik

Wadhwan, 14 Septemba 1983

Rasik, mdogo wangu,

Jay Jinendra. Kadi yako imefika, ya wino wa dhahabu na maua pembeni, na chini jina lako refu na shahada zako zote zimepanga foleni. Michhami Dukkadam na wewe pia. Kila mwaka, mfungo ukiisha, tunaandikiana maneno yaleyale: kama nimekukosea kwa wazo, kwa neno au kwa tendo, kwa kujua au kutojua, nisamehe. Na kila mwaka najiuliza, huyu mtoto kanikosea nini? Tangu ulipokikata kishada changu darini kwa baba, ukiwa na miaka tisa, sijakuona na kosa lingine. Haya, nimekusamehe, usiku mwema! Natania.

Sasa kaa nikupe habari. Mwaka jana siku kama hizi nilianguka sokoni na kapu langu la mbaazi, watu wakadhani Jasvanti ndiyo kwaheri. Sukari mia mbili na tisini. Pale hospitali wakanipa kapsuli, nikamuuliza muuguzi, hili ganda limetengenezwa kwa nini? Akacheka, eti mifupa na ngozi za ng'ombe zilizochemshwa! Nikatapika papo hapo. Nikaenda kwa mtawa mkuu nikaapa mbele yake: dawa ya kiwandani, iwe kapsuli iwe kidonge, haipiti kwenye koo hili mpaka maiti yangu ichomwe. Wewe ukaja na treni, ukanifokea, ukaenda zako. Baada ya wiki ukaniletea huo unga wako wa karela, yale matango machungu, na uwatu, pamoja na karatasi ya vyakula.

Basi jana wamenipima. Mia moja na thelathini! Yule daktari kijana aliitazama karatasi mara mbili, akaniuliza natumia dawa gani. Nikamwambia, baba, natumia uwele, choroko, mumunye na bamia, sukari kwenye chai nimeisahau, gathia za kukaanga sigusi, na jalebi ya shira naitazama kwa mbali kama mchumba aliyeoa mwingine. Na unga wa karela uliotwangwa nyumbani kwa ndugu yangu. Akakuna kichwa.

Blauzi zangu zote zinapwaya. Napanda ngazi za hekalu bila kushika ukuta. Siku ya kufunga tu ndiyo niliteseka: asubuhi nililamba unga wangu kwa maji yaliyochemshwa kama kawaida, kufika saa sita mikono ikanitetemeka, jasho likanitoka, nikaona nyota. Uzee huo.

Shoga yangu Rambha, mjane mwenzangu na jirani wa mlango kwa mlango, naye ana sukari kama unavyojua. Yeye anameza vidonge vya hospitali, hakuapa kama mimi. Anasema, "Jasvanti, wewe umekuwa kigori, mimi nimebaki gunia." Anataka njia yangu. Mletee na yeye unga wake.

Dada yako akupendaye,
Jasvanti


Surat, 28 Septemba 1983

Dada yangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ya tatu nilimsomea Sarla jikoni. Amecheka sana hapo kwenye jalebi.

Kwanza jambo moja muhimu, na nakuomba ulishike: siku unayofunga, unga usiutumie kabisa. Hata chembe. Usiniulize sababu, tumbo tupu halipatani nao.

Pili, hongera. Nimekuwa nikiwaambia wagonjwa wangu habari zako bila kutaja jina. Sisi Wajaini, dada, tuna ugonjwa wa kujisifu. Hatuli nyama, hatuli yai, hatung'oi hata kitunguu ardhini, halafu kila kitu kimeogelea kwenye mafuta na chai ina vijiko vinne vya sukari. Faida ya chakula chetu ipo, nimeiona kwa macho yangu: presha inashuka, moyo unapumua, choo kinakuwa chepesi, na mwenye sukari anapata nafuu ya kweli. Lakini faida hiyo imo kwenye dengu, uwele na mboga. Haimo kwenye jalebi ati kwa sababu jalebi haina damu.

Nayaandika yote haya kwenye kijitabu. Kitaitwa Jiko Ndilo Zahanati. Jumapili iliyopita nilizungumza kwenye ukumbi wa jumuiya yetu, watu mia nne, na nilipofika kwenye habari ya "Dada J. wa mji mdogo" ukumbi mzima ulipiga makofi. Natamani ungekuwepo.

Kuhusu Bi Rambha: mpe karatasi ya vyakula, aifuate, itamsaidia sana. Unga siwezi kumpa. Nimeuchanganya kwa kipimo cha mwili wako. Na vidonge vyake aendelee navyo.

Mdogo wako,
Rasik


Wadhwan, 12 Novemba 1983

Wewe Rasik,

Tangu lini karela likawa na kipimo cha mwili? Mama alikuwa akitukaangia karela sote tisa kwenye sufuria moja, baba mnene, wewe kama ufito, na hakuna aliyepimwa kiuno kwanza. Sema tu umekuwa bahili. Mji mkubwa huo unawabadilisha watu.

Haya, nimejitwangia mwenyewe. Nimenunua karela, nimeyakausha juu ya dari siku nne, nimetwanga na uwatu, nikampa Rambha. Rangi ni hiyohiyo. Ladha yangu ina uchungu wa kawaida, yako ina uchungu unaobaki kwenye ulimi kama chokaa, sijui mnachanganya nini huko. Rambha anaramba wa kwangu kila asubuhi na chakula anafuata sawasawa, hata sikukuu ya taa zilipowaka na sahani za vitamu zikapita mbele yake, alifumba macho akaomba ndizi. Amepungua. Sukari yake imeshuka kutoka mia mbili arobaini hadi mia moja themanini. Anafurahi kama mtoto.

Vidonge bado anameza. Lakini anauliza, na mimi nakuuliza kwa niaba yake: kama Jasvanti amepona kwa jiko tu, hivyo vidonge vya nini?

Nijibu hilo, bahili wee.

Dada yako,
Jasvanti


Surat, 20 Januari 1984

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kijitabu kimetoka! Nakutumia nakala kumi, uwagawie wanawake wa nyumba ya watawa. Wewe umo ukurasa wa kumi na tisa. Nimeandika hivi: "Dada J., mjane wa miaka hamsini na nane, alikataa dawa zote za kiwandani kwa ajili ya imani yake. Kwa mwaka mzima hakumeza kidonge hata kimoja. Kwa chakula cha babu zetu, na unga wa karela, sukari yake ilirudi karibu na ya mtu mwenye afya." Nakala elfu mbili zimeshakwisha, tunachapa nyingine. Nimealikwa Mumbai mwezi wa tatu na Pune mwezi wa nne.

Suala la Bi Rambha ni la daktari wake. Mimi sijampima.

Sarla anakusalimu. Amekutwangia unga wa miezi mitatu, umo kwenye kifurushi hikihiki.

Rasik


Wadhwan, 24 Machi 1984

Rasik wangu,

Leo sina matusi, nina fahari tu.

Kitabu chako nimekisoma kwa sauti nyumba ya watawa, Alhamisi nne mfululizo. Wanawake sitini wamekaa chini, wengine hawajui kusoma, na mimi nimekaa kwenye kigoda kama mwalimu. Nilipofika ukurasa wa kumi na tisa nikasoma taratibu, nikakifunga, nikawaambia: "Dada J. ndiye huyu mnayemtazama." Lo! Bibi mzee mmoja alininyanyua mikono akanibusu vidole. Maisha yangu yote nimekuwa mke wa fulani, mjane wa fulani, dada wa daktari. Siku ile nilikuwa mimi.

Rambha alinirudisha hapo mara mbili. "Soma tena palepale. Kidonge hata kimoja?" Nikamsomea. Tulipofika nyumbani akavitoa vidonge vyake kabatini, akavimwaga chooni. Akasema kama wewe umeweza na mimi naweza, au damu yenu ni ya dhahabu? Nilimsifu. Nakwambia kweli, nilimsifu na kumkumbatia.

Wiki iliyopita tulikwenda kuhiji mlimani Palitana, mimi na yeye, peku, ngazi zote zile elfu tatu na kitu, jua la mchana likichoma mawe. Tulipanda tukiimba. Yeye ametoka na lengelenge kwenye kisigino cha kushoto, limepasuka. Ajabu ni kwamba halimuumi hata kidogo. Nampaka manjano. Siku kumi sasa halijafunga. Kuna mafuta gani mazuri ya kidonda?

Dada J. wako


Surat, 16 Aprili 1984

Dada,

Nimerudi jana kutoka Pune na nimeikuta barua yako mezani. Ina wiki tatu!

Mpeleke Bi Rambha hospitali leo. Si kesho. Vidonge vyake avirudie siku hiyohiyo. Kidonda cha mguu kwa mtu mwenye sukari si cha manjano, na kama hakimuumi ndiyo hatari yenyewe. Usibishane nami, nakuomba sana.

Rasik


Wadhwan, 24 Aprili 1984

Daktari Rasik,

Umenichanganya, ndugu yangu. Nimempelekea barua yako, nikamsomea mlangoni. Akaniuliza, "Nani kasema?" Nikasema, Rasik. "Na kitabu kaandika nani?" Nikasema, Rasik. Akasema, "Basi mimi nakiamini kilichochapishwa. Hiki cha mkono kaandika akiwa amechoka na safari." Wanawake wengine waliokuwa wamekaa kwake wakamuunga mkono. Mmoja akasema madaktari wote ni walewale, wanapenda watu waumwe.

Ningemwambia nini? Mimi ndiye mfano! Mimi niko hapa mzima, napanda ngazi, sijameza kidonge mwaka na nusu. Chakula tunakula kilekile, jua letu moja, jiko tumetenganishwa na ukuta tu. Yeye kidonda chake kimekuwa cheusi pembeni na kinanuka, nikikaa karibu yake naziba pua kwa ncha ya sari nikijifanya nina mafua.

Kuna kitu unanificha. Nakujua tangu unanyonya. Unapoficha kitu huandika barua fupi. Niambie kuna tofauti gani kati yangu na Rambha.

Jasvanti


Surat, 1 Mei 1984

Wifi Jasvanti,

Ni mimi Sarla ninayeandika, na Rasik hajui. Ana barua yako mfukoni siku nne. Anakaa mezani, anaandika "Dada mpendwa", anachana karatasi. Nimechoka kuziokota.

Wifi, tofauti ni kwamba wewe unameza vidonge. Umevimeza tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye ninayevitwanga. Kila mwisho wa mwezi Rasik ananiletea vidonge vya sukari, navisaga kwenye kile kinu kidogo cha jiwe alichonipa mama yenu nilipoolewa, nachanganya na karela na uwatu, napima kwa kijiko, nafunga vikaratasi. Huo uchungu wa chokaa ulioulalamikia ndio huo. Na siku ile ya mfungo ulipotetemeka ukaona nyota haukuwa uzee, ni vidonge kwenye tumbo tupu. Rasik aliposoma hayo alikaa chini.

Mwanzoni alisema ni kwa mwezi mmoja tu, hadi uwe na nguvu ya kumsikiliza. Nilikubali kwa sababu nilikuona ulivyokuwa, umebaki mifupa na macho. Kisha ukaanza kupona, ukaandika zile barua zako za furaha, na yeye akaanza mikutano. Nilimwambia asikutie kwenye kitabu. Nilimwambia, Rasik, huyu ni dada yako, si tangazo. Akasema habari yako itawaokoa maelfu.

Mpeleke huyo mama hospitali, wifi. Mpeleke kwa nguvu. Halafu unichukie baadaye, nitakuwa hapa.

Wifi yako,
Sarla


Wadhwan, 19 Mei 1984

Rasik,

Wamemkata mguu Jumanne. Chini ya goti.

Barua ya mkeo ilifika saa nne asubuhi. Saa nne na nusu nilikuwa nimeshaita bajaji, nimemwinua Rambha kitandani kwa mikono yangu, yeye ananipiga mabegani ananiuliza nina wazimu gani. Hospitali wakafungua kile kitambaa, daktari akasema neno moja, donda ndugu. Akaniuliza ni lini aliacha dawa na ni nani aliyemshauri. Rambha akajibu kabla yangu, akiwa amelala palepale, kwa sauti ya kujivunia: "Hakuna aliyenishauri. Nimesoma kwenye kitabu." Yeye, asiyejua hata kuandika jina lake! Kitabu alichokisoma ni mdomo wangu.

Sasa nikwambie wewe. Ulinidanganya kila asubuhi kwa mwaka na miezi nane. Niliamka, nikaoga, nikaomba, nikafumbua kikaratasi chako kwa heshima, nikaramba uongo. Nimekwenda mbele ya mtawa mkuu nikashukuru kwa kuwa nimetimiza kiapo changu, naye akanibariki, na kiapo wewe ulishakisaga zamani kwenye kinu cha mama. Kinu cha mama, Rasik! Kama ungenipa sumu ningekuelewa zaidi.

Na usiniambie uliniokoa. Najua utaniambia. Ungeniokoa halafu ukanyamaza, ningekukasirikia, tungenuniana mwaka, yangekwisha. Lakini ulinichukua ukanipandisha jukwaani. Ulipigiwa makofi kwa mwili wangu. Watu mia nne walishangilia kitu ambacho katika ukumbi mzima ni wewe peke yako uliyejua hakipo. Na nilipokuuliza habari za Rambha, mara moja, mara mbili, mara tatu, ukaniambia kipimo cha mwili, ukaniambia hujampima. Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Ulithamini jina lako kuliko mguu wa mjane.

Kinachoniuma zaidi nakiandika hapa ukisome vizuri. Yule daktari wa hapa alinieleza, bila kujua mimi ni nani, kwamba chakula chetu ni nusu ya dawa. Alisema Rambha alishuka kweli kwa chakula, na kwamba angekula hivyo huku akimeza vidonge vyake angezeeka na miguu miwili. Umesikia? Chakula chetu kilikuwa kinafanya kazi yake. Hakikuomba uongo wako. Wewe ndiye uliyekiaibisha.

Unga wako uliobaki nimeumwaga.

Jasvanti


Surat, 2 Juni 1984

Dada yangu,

Sina uso. Nitaandika tu.

Nilikuta unakufa. Niliapa mbele ya mama akiwa anakata roho kwamba nitakutunza, na wewe uliapa mbele ya mtawa kwamba hutameza. Viapo viwili vilipogongana nilichagua cha kwangu. Nilitafuta vidonge visivyo na ganda, nikaandikia kiwanda kuuliza kama kuna kitu cha mnyama ndani, wakanijibu hakuna. Barua yao ninayo. Sikutaka kukutia najisi. Nilitaka tu uishi.

Kitabu kilikuwa kosa. Nakiri. Nilipoanza kuandika niliamini kwamba kwa sehemu kubwa ni chakula, na hilo ni kweli, dada, sehemu kubwa ni chakula. Nilikusudia kukuambia sikukuu ile ya taa, nikasema acha hadi Januari, halafu kikachapwa. Nimemwambia mchapaji toleo la tatu aondoe ukurasa wa kumi na tisa. Huo utaondoka kimya bila kuwashtua watu.

Lakini sasa nakulilia: umeumwaga unga na mwilini huna kinga. Nimekutumia vidonge waziwazi, na ile barua ya kiwanda imo ndani ya boksi. Meza. Nitukane kila siku, lakini meza.

Rasik


Wadhwan, 31 Agosti 1984

Rasik,

Kadi yako imefika jana, siku ya msamaha yenyewe. Wino uleule wa dhahabu. Kwa kujua au kutojua! Mwaka huu ungekata angalau hilo la pili kwa kalamu.

Vidonge vyako vimo kwenye boksi lake. Juzi nimepimwa, mia mbili na ishirini. Chakula nimekishika, na kama si chakula ningekuwa nimeshachomwa. Miguu inawaka moto na macho yanafanya ukungu. Najua. Sitavimeza kwa sababu wewe umesema. Neno lako kwangu halina uzito tena, na hilo ulilifanya wewe, si mimi.

Jana, baada ya sala, nilikwenda kwa Rambha. Ilinichukua miezi mitatu kuuvuka ukuta mmoja. Nilimwambia yote: vidonge, kinu, unga, ukurasa. Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Gongo lake lilikuwa limeegemea miguuni, yaani mguu na nusu. Akasema, "Kumbe tuliuziwa mbuzi kwenye gunia." Nikasema ndiyo. Akasema, "Wewe nimekusamehe, kwa kuwa na wewe uliuziwa. Muuzaji yuko wapi?"

Nikamwambia, yuko Surat. Muuzaji anataka ukurasa uondoke kimya bila kuwashtua watu.

Tunaambiwa siku hii tuseme: nawasamehe viumbe wote. Nimejaribu, Rasik. Nimewasamehe mbu, nimewasamehe chawa, nimemsamehe mama mkwe wangu aliyenichoma kwa kijiko cha moto. Kila nikifika kwako ulimi unakauka.

Basi fanya hivi. Jumapili ijayo, tarehe tisa, saa nne asubuhi, wanawake walewale sitini watakuwa nyumba ya watawa. Njoo. Panda treni kama ulivyopanda nilipokuwa nakufa. Kaa kwenye kile kigoda changu, fungua ukurasa wa kumi na tisa, uusome kwa sauti, halafu sema kwa mdomo wako ulichofanya. Rambha atakaa mbele. Ukifanya hivyo nitakusamehe palepale mbele ya watu, na vidonge vyako nitavimeza kutoka mkononi mwako. Ninakuahidi, na unajua mimi naapa namna gani.

Jasvanti


TELEGRAMU

Kutoka Surat, 8 Septemba 1984

MKUTANO WA MADAKTARI UMEGONGANA STOP SIWEZI KUJA STOP BARUA INAFUATA STOP NISAMEHE STOP RASIK


Wadhwan, 9 Septemba 1984

Rasik,

Telegramu yako niliisoma jana jioni, nikaikunja nikaiweka ndani ya kitabu chako.

Leo asubuhi nilikaa mimi kwenye kigoda. Rambha alikuwa mbele, kama nilivyokwambia. Nilisoma ukurasa. Halafu nikawaambia Dada J. alimeza vidonge kila siku bila kujua, na nikataja aliyempa, jina na shahada. Nilikubeba mgongoni mimi, Rasik, miaka mitatu, kabla hujajua kutembea sawasawa.

Mtawa mkuu aliinamisha kichwa. Nikafikiri nimemaliza, nikataka kushuka. Rambha akagonga sakafu kwa gongo lake, akaniambia, "Waulize."

"Niwaulize nini?"

"Waulize nani mwingine kaacha."

Nikauliza. Mwanzoni walitazamana. Halafu ukainuka mkono mmoja nyuma, wa yule mzee aliyenibusu vidole. Kisha mwingine, na mwingine. Wengine walikuwa na dawa za sukari, wengine za presha, mmoja za moyo. Mikono tisa. Wote walinisikia mimi nikisoma, wakaenda nyumbani wakamwaga.

Walikuwa wananitazama kunisubiri, Rasik, kana kwamba mimi ndiye daktari. Nikawaambia chakula tusikiache, ni chetu na ni kizuri, lakini kesho tunakwenda hospitali. Yule mzee akauliza, "Na wewe, Jasvanti, utameza?" Nilimgeukia mtawa mkuu mbele yao wote, nikamwomba anifungue kiapo changu. Amenifungua. Boksi lako nimelitia kwenye moto wa jiko, pamoja na ile barua ya kiwanda. Nitavichukua vyangu dirishani hospitali kama watu wengine.

Hiyo barua inayofuata usiiandike. Kesho basi linaondoka saa mbili asubuhi, na tuko kumi.

Jasvanti